Mita 100 za maji kuzunguka mawe ya Nyasa

Kahawa ikishalipwa, wenye uwezo hapa Mbinga huwapeleka watoto wao Zanzibar kuona samaki. Msimu uliopita shemeji yangu, mkulima wa Litembo, alinijia na swali la safari hiyo: "Shemeji, wewe umeishi kule. Watoto niwapeleke Mnemba au Mafia?" Nikamwambia awapeleke Liuli. Alinyamaza akinitazama, akisubiri maelezo. Maelezo yenyewe ni marefu na hayamhusu yeye peke yake, ndiyo maana nayaandika hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtoto wa mvuvi wa dagaa. Ujana wangu niliumalizia pwani ya bahari: kwanza Matemwe, Unguja, ng'ambo ya kisiwa cha Mnemba, nikiwa kijana wa boti anayewagawia wageni miwani ya maji na mirija ya kupumulia, kisha Mafia. Baadaye nilioa Umatengoni, na sasa makazi yangu ni Mbinga. Maji ninayoyalinganisha ni maji ambayo mimi mwenyewe nimezamisha uso wangu ndani yake. Na hoja yangu ni kwamba kilichomo majini Nyasa ni adimu kuliko kilichomo Mnemba, na kwa sababu hiyo hiyo hakitaweza kuvumilia utalii wa aina ya Mnemba. Ulinzi utangulie, wageni wafuate.

Niitendee haki bahari kwanza. Mnemba ni pazuri. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja, wengine wote huelea kuzunguka miamba yake, na hiyo inatosha. Maji ni maangavu, chumvi inakubeba, hata mtu asiyejua kuogelea vizuri hujikuta ametulia juu ya bustani ya matumbawe. Kitatange wanapita wawili wawili, kangaja wanapita kundi zima, na ukitulia utamsikia pono akitafuna tumbawe kwa meno yake. Siku ya bahati anapita kasa. Niliwaona watu wazima wakitoka majini wakilia kwa furaha, wala sikuwashangaa.

Lakini niliona na mengine. Ifikapo saa tatu asubuhi boti zimeshajazana mahali pamoja, injini zinanguruma, na watu wengi wanaogelea ndani ya eneo dogo kiasi kwamba unachokiona zaidi ni miguu ya wenzako. Mgeni akichoka anasimama, na anaposimama anasimama juu ya tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Kuna manahodha waliokuwa wakitupa mkate majini ili samaki wakusanyike wapigwe picha. Pomboo wakionekana, boti zote zinageuka kuwafukuza. Hayo hayakuwa ya Mnemba peke yake. Kizimkazi nako pomboo wamesumbuliwa hivyo kwa miaka. Na matumbawe ya Mnemba tayari yalikuwa yameumizwa na joto la bahari la mwaka 1998, lililoyafanya meupe kuanzia Kenya hadi kusini kwetu. Kiumbe mgonjwa hahitaji kukanyagwa.

Mafia ni habari nyingine. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina hiyo nchini, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu wa Chole, Juani na Jibondo wanaoendelea na uvuvi wao kwa masharti. Ghuba ya Chole ina matumbawe ambayo kwa macho yangu yanashinda ya Mnemba, tena ukiwa peke yako na rafiki zako. Kazi yake ni maji kupwa na kujaa: usipomsikiliza nahodha, mkondo unakutoa ghubani. Na upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa mwaka, wapo papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote duniani, ambao chakula chao ni viumbe vidogo vinavyoelea. Ukimwona potwe akipita chini yako hutasahau. Kama mtu ana fedha za safari moja ya bahari maishani mwake, namwambia aende Mafia.

Kwa jirani zetu Kenya kuna Kisite, kutokea Shimoni, ambako uvuvi umekatazwa kabisa, na karibu yake Mpunguti, ambako unaruhusiwa uvuvi wa asili. Boti huishia kisiwa cha Wasini, na huko wanawake wa kijiji wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya matumbawe ya kale na mikoko. Mgeni analipa, fedha inabaki kwao. Nimeitaja kwa sababu nitaihitaji mbele.

Mahali palipobadili mawazo yangu, hata hivyo, ni Chumbe. Ni kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Kwa miaka mingi eneo lile lilikuwa la kijeshi, wavuvi hawakuruhusiwa, hivyo mwamba wa upande wa magharibi ukabaki salama. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi, ukaendeshwa na kampuni binafsi isiyotafuta faida. Walichukua wavuvi wa vijiji vya karibu wakawafundisha kuwa walinzi. Nyumba za wageni ni saba tu. Wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo wana idadi yao, ikijaa imejaa. Huweki nanga juu ya mwamba, hugusi kitu, na unaingia majini na mtu anayeujua mwamba ule. Kisha ada za wageni zinalipia watoto wa shule za Unguja kwenda kuvaa miwani na kuutazama mwamba wao wenyewe. Nilikutana huko na wasichana wa sekondari waliokuwa hawajawahi kuingiza kichwa majini ingawa walizaliwa hatua chache kutoka ufukweni. Walipotoka, maswali yao kwa yule mlinzi hayakuisha mpaka boti ilipoondoka.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Mbinga unateremka na barabara ya lami, kilomita 60 na kitu, kutoka baridi ya kahawa na mashamba ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia udongo, mpaka joto la Mbamba Bay, karibu mita 900 chini. Ziwa linapojitokeza mara ya kwanza kwenye kona za mlima, dereva mzoefu hupunguza mwendo hata asipoombwa.

Watu wa bara hudhani ziwa ni tope na magugu. Nyasa si hivyo. Ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700, na mwishoni mwa kiangazi, upepo wa mwera ukishatulia na mvua hazijaanza, maji ya kwenye mawe huwa maangavu kiasi cha kuona kivuli cha mtumbwi chini yake. Hakuna tumbawe hata moja. Kuna mawe: makubwa kama nyumba, yamepandana, yana mapango na nyufa, na yamefunikwa na ukoka mwembamba wa mwani. Juu ya ukoka huo wanaishi samaki wadogo wa bluu, njano, machungwa, na wenye mistari myeusi, ambao wataalamu huwaita mbuna. Wanakwangua mwani kutwa nzima. Dume ana pango lake na halina mjadala. Hata wewe mwenye miwani atakujia usoni kukufukuza, na yeye hazidi urefu wa kidole.

Wanasayansi wanakadiria ziwa hili lina aina za samaki kati ya 700 na 1,000, nyingi kuliko ziwa lolote duniani, na karibu wote hawapatikani penginepo. Ila si idadi iliyonishangaza nilipolisoma jambo hili baada ya kutoka Zanzibar. Kilichonishangaza ni namna wanavyogawana mawe.

Samaki wengi wa matumbawe, mayai yao au watoto wao huchukuliwa na mikondo ya bahari. Kwa hiyo kitatange wa Mnemba utamkuta Mafia, utamkuta Kisite, utamkuta Watamu. Mwamba mmoja ukiharibika, wa jirani unaweza kuupelekea mbegu. Mbuna haendi hivyo. Jike huyaokota mayai yake kwa mdomo, akayalea humo kwa takribani wiki tatu bila kula vizuri, mpaka watoto wanapotoka wakiwa samaki kamili. Wanatolewa pale pale, kwenye mawe ya mama yao. Kati ya jiwe hilo na jingine kukiwa na mchanga mtupu, hawavuki, maana mchangani hakuna pa kujificha. Vizazi kwa vizazi, samaki wa jiwe hili wakawa na rangi yao, na wa kisiwa kile rangi nyingine. Unaweza kuogelea Liuli asubuhi na kisiwa cha Lundo mchana, ukaona jamii tofauti.

Basi mtu akiharibu mwamba wa Nyasa ameharibu samaki ambaye hana ndugu wa kumrudisha. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tuige Mnemba haraka ili fedha ije.

Wapo pia wa mchangani, na hao napenda kuwatazama kuliko hata mbuna. Kuna mmoja ambaye wavuvi wa Malawi humwita kaligono. Ana mabaka ya kahawia na meupe kama mzoga uliooza. Hujilaza ubavu mchangani, hatikisiki. Samaki wadogo wanasogea kuonja mzoga, naye anafumbua mdomo. Wengine, madume, hujenga vichuguu vya mchanga chini ya maji, kila mmoja chake, wakisubiri jike apite na kuchagua. Kijana aliyekaa juu ya maji hayo kwa nusu saa na miwani amejifunza baiolojia ambayo ubao hauwezi kumfundisha.

Lazima niseme na hatari, kwa kuwa kuna watu huandika kuhusu Nyasa kana kwamba ni bwawa la hoteli. Maji baridi yasiyo na chumvi hayakubebi kama bahari. Mwanafunzi avae jaketi la kuokolea, bila ubishi. Ziwa linachafuka ghafla, na kila familia ya pwani hii ina jina la mtu ambaye hakurudi. Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito kama Ruhuhu, hivyo muulize mwenyeji kabla hujavua shati. Na kuna kichocho. Ukishaogelea, nenda ukapimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa yake ipo na inaponya.

Hilo la kichocho linatufundisha jambo. Upande wa Malawi, Cape Maclear, kichocho kiliongezeka sana kuanzia miaka ya 1980. Watafiti waliofanya kazi pale wanahusisha ongezeko hilo na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono karibu na ufuko. Samaki walipopungua konokono wakaongezeka, na konokono ndiye anayebeba kichocho. Kwa hiyo mwenye kokoro la macho madogo au chandarua cha mbu anayekomba watoto wa samaki ufukweni anaweza kuwa anawapelekea wanawe ugonjwa. Nimelisema hili kwenye mialo, na wazee wanalielewa haraka kuliko viongozi, sababu wao wanakumbuka maji yalivyokuwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Katika maduka ya samaki wa mapambo ya Ulaya na Marekani kuna samaki mdogo wa bluu mwenye rangi ya machungwa mgongoni, anayeuzwa kwa jina la Hongi. Hongi ni kisiwa chetu, hapa hapa Wilaya ya Nyasa. Mtu aliyeko Ujerumani anamtazama samaki huyo sebuleni kwake kila jioni na anajua kutamka jina la kisiwa. Mtoto wa darasa la sita Mbinga hajawahi kumwona. Leo samaki hao huzalishwa huko huko ng'ambo, na kijiji cha ufukweni hakipati chochote. Zaidi ya hapo, biashara hiyo imewahi kuharibu: Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, samaki wa sehemu nyingine za ziwa waliachiwa wakati wa biashara hiyo, wakazaana, na sasa huwezi tena kuona jamii ya asili ya pale peke yake. Samaki wa jiwe moja wasihamishiwe jingine. Hiyo iwe sheria.

Sasa tazama majirani. Malawi walitangaza hifadhi ya taifa Cape Maclear mwaka 1980, ya kwanza duniani iliyowekwa hasa kwa ajili ya samaki wa maji baridi, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Msumbiji, kwa upande wao, walitangaza hifadhi ya Ziwa Niassa mwaka 2011. Sisi tuna Mafia baharini, tuna Rubondo na Saanane Ziwa Victoria, tuna Mahale ambayo mpaka wake unaingia ndani ya maji ya Tanganyika. Kwenye samaki wa Nyasa hatuna hifadhi ya taifa hata moja. Kati ya nchi tatu zinazolizunguka ziwa hili, sisi ndio tuliolala.

Simaanishi tuwafukuze wavuvi. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na nimekula usipa, dagaa wetu wa ziwani, maisha yangu yote. Hifadhi ya Malawi majini inachukua mita 100 tu kutoka kwenye mwambao wa visiwa na rasi zake. Mita 100. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, mbali, kwenye kina kirefu. Mbasa wana njia zao za kwenda mitoni. Kokoro halivutwi kwenye mawe, litachanika. Atakayepoteza ni mwenye makila, nyavu za kutega, anayetega usiku kuzunguka kisiwa na kijana anayevua kwa ndoana juu ya jiwe, na hao ndio wawe wa kwanza kupewa kazi ya ulinzi na ya kuongoza wageni, kama Chumbe walivyofanya kwa wavuvi wao. Mtu aliyetega nyavu kwenye jiwe kwa miaka kumi anajua kila pango lake. Huyo tayari ni mwalimu. Amekosa miwani tu.

Wapi pa kuanzia? Mimi ningeanza na Pomonda, lile jiwe kubwa la Liuli ambalo Wajerumani walipoliona waliiita bandari yetu Sphinxhafen. Ni pale pale Liuli ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mgeni atapata historia na samaki mahali pamoja. Kisha Lundo, kisha Hongi. Matatu yanatosha. Kila mahali pawe na maboya ya kufungia boti ili nanga isiteremke, idadi ya watu kwa siku, kiongozi wa kijiji ndani ya maji, na ada inayokwenda kwenye akaunti ya kijiji ambayo wanakijiji wanaisoma kwenye mkutano. Wanawake wa Wasini wameweza. Wanawake wa Liuli wanaokausha dagaa na kupika kwa ajili ya boti nzima hawatashindwa. Miwani na mirija inunuliwe kwanza kwa ajili ya shule. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) wana kituo Kyela, ziwa hili hili. Waje kuhesabu samaki wa mawe hayo kabla ya kufungwa na baada, tujue tumepata nini.

Nasisitiza haraka kwa sababu Mbamba Bay inabadilika. Lami imefika, bandari mpya inajengwa, na shehena ya kwenda Malawi itapita hapo. Nafurahi, maana nakumbuka safari ya lori kutoka Liuli wakati wa masika. Lakini bandari huleta mafuta majini, tope la kuchimba kina, na watu wengi kwa mara moja. Tope ndilo adui mkubwa wa mbuna: likifunika ukoka wa mwani hakuna cha kukwangua, na maji yakichafuka jike hamtambui dume wake kwa rangi. Hapa ninyi jirani zangu wa Umatengoni mnahusika pia. Ngoro za babu zenu zimezuia udongo usiteremke mlimani kwa zaidi ya karne moja. Kila shamba la mteremkoni linaloacha ngoro na kulimwa matuta ya kushuka linapeleka udongo wake ziwani, mvua ya kwanza tu.

Shemeji yangu aliwapeleka watoto Liuli. Mdogo wao, aliyekuwa akiogopa maji, alitoka akiuliza kwa nini samaki wa bluu anamgombeza. Bado anataka kwenda Mafia kuona potwe, na nitamsindikiza nikijaliwa.

Waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, na ninyi wenyeviti wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni (BMU): sheria ndogo ya kijiji ya mita 100 kwa Pomonda, Lundo na Hongi haihitaji mfadhili wala kusubiri Dodoma. Inahitaji mkutano wa kijiji, muhtasari na kura zenu. Nawaomba muiingize kwenye ajenda ya kikao kijacho, kabla bandari mpya haijaanza kupokea meli zake.